Siku Tulipokwenda Kumhemba Benite

Buyenzi, Bujumbura
Tarehe 8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Khaled,

Asalaam aleikum. Mnaendeleaje huko Kigoma, wewe na Houda? Na goti lako limepoa? Sisi tu wazima, ila mama anakohoa na dawa hataki, unamjua. Ningekutumia sauti kwenye simu, lakini nimejaribu mara mbili nikaishia kulia.

Nilikuambia kwamba mimi na Consolate, yule mkunga, tumeanzisha kikundi cha wasichana wadogo waliopata mimba. Kila Jumamosi walikuja chumbani kwangu, wakajifunza kushona, wakala, wakacheka kidogo. Walifika wanane.

Mmoja ni Benite, miaka kumi na sita, binti wa Jovithe wa Ruziba uliyesoma naye. Mwezi uliopita alijifungua mtoto wa kike. Mke wa mtu akizaa, watu humwendea na vikapu na nyimbo kumhemba. Hawa wetu hakuna anayewahemba. Ikaniuma. Basi tukaenda kwa heshima zote, tumevaa imvutano, vile vitambaa vya sherehe vya kujifunga begani, vikapu kichwani, unga wa uji, sabuni, Fanta. Tuliimba tangu barabarani, na mimi na kiherehere changu ndiye niliyepaza sauti kuliko wote.

Kumbe Jovithe alikuwa amewaambia majirani kuwa bintiye yuko shule ya bweni. Hatukumuuliza Benite kitu, tulitaka kumshtukiza. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Jovithe alitukaribisha, akatupa viti, hata akatushukuru. Tulipoondoka tu, akamtoa binti nje na kichanga chake.

Sasa wako kwangu. Nimekwenda Ruziba mara mbili kuomba radhi, Jovithe hafungui mlango. Na Jumamosi iliyopita walikuja wasichana watatu tu, wengine wanaogopa tutawafuata kwao. Naona aibu, Khaled, hata kula sili vizuri.

Nakuomba umpigie Jovithe, wewe anakusikiliza. Usimwombee Benite msamaha, niombee mimi, maana nyimbo zilikuwa zangu. Na ufanye haraka. Jana Benite aliniuliza kama huko Kigoma kuna mtu anayemjua. Nikamwambia, "Apana, hata Khaled alikuona ungali mutoto mudogo."

Akasema, "Basi mi nataka kwenda kule."

Mama na Faruk wanakusalimu sana. Mbusu Raihana na mdogo wake. Mungu akulindie mabinti zako.

Dada yako akupendaye,
Adija