Kwa Kaka Aliyekataa Kuapa

Mpendwa kaka Eliamani,

Huku Mhezi ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Jumapili hii naapishwa kuwa mzee wa kanisa, na kila nikisikia neno kiapo nakuona wewe, umesimama mahakamani Same.

Ulikuwa umetoka Dar es Salaam, ulikoifuata njia ya Buddha ukatuacha na Ulutheri wetu. Baba mdogo alidai kipande cha shamba chini ya migomba, anapolima jirani yetu mjane, Mama Nakijwa. Wewe peke yako ndiye uliyemsikia marehemu baba akimpa mjane huyo. Karani alipokuletea Biblia, uliomba kwa upole uthibitishe tu bila kuapa. Baba mdogo akaninong'oneza kwamba anayekwepa kiapo amekuja kudanganya. Nadhani alitumaini hivyo, maana uongo wa kumkana mjane ungemfaa. Wewe ukasema kweli, shamba likabaki kwa mjane, na tangu hapo baba mdogo akaacha kuitikia shikamoo yako.

Tukisubiri gari la kupanda mlimani nilikuuliza: kama huogopi adhabu ya Mungu, ni nini kinachokuzuia kudanganya?

"Buddha si hakimu wa kuniadhibu," ulisema. "Nilijitwika mwenyewe zoezi la kutosema uongo. Nikiapa leo ndipo niaminike, maneno yangu ya jana yalikuwa ya nini?"

Ukaongeza kwamba hata kweli haipaswi kusemwa kwa nia ya kumuumiza mtu. Kumbe ndiyo maana hukumsema baba mdogo vibaya, pale wala nyumbani.

Miaka ikapita. Baba mdogo alipougua na kutaka kuwagawia wanawe mashamba, aliagiza uitwe.

"Aje yule asiyeapa," alisema. "Anisikilize yeye."

Ulikuja, ukapiga magoti kando ya kitanda, ukamwamkia. Akaitika, akakushika mkono muda mrefu.

Sasa nyote wawili hampo tena duniani. Mimi bado Mlutheri, na nitaapa mbele ya Mungu wangu na usharika mzima. Kiapo chenyewe hakinitishi, kaka. Siku hiyo watu wote watakuwa wananitazama. Kinachonitisha ni Jumatatu, niko jikoni na kanga yangu, mtu ananiuliza jambo dogo, na uongo mdogo ungeyamaliza yote kwa amani.

Nakuaga hapa, wanakwaya wamefika na chai bado.

Mdogo wako,
Nakundwa