Nilikulilia Kwenye Barafu

Papa Neema,

Nimerudi Smithfield juzi, midomo imepasuka kwa baridi na miguu bado inayumba kama niko melini. Nimekwenda kule ulikotaka, kwenye barafu ya mwisho wa dunia. Ndiyo, mimi huyu, niliyekuwa nakuuliza kama baridi ya friza ya kazini kwako Wetherill Park haikutoshi, hata urudi nyumbani ukae kutazama pengwini kwenye televisheni. Ulikuwa unacheka tu, koti la kazi bado mwilini, unasema barafu ya bosi na barafu ya Mungu si sawa.

Safari uliilipia kabla corona haijaja. Mipaka ikafungwa, kisha ukaondoka wewe. Meli ziliporudi baharini, wenye meli wakanipigia kuuliza kama watu wawili bado wanakuja. Nikawaomba wanipe siku mbili. Kaka yako akaniambia kutoka Bukavu, "Mujane hatembeaki mbele ya matanga kuisha." Neema naye, "Mama, just go. I'll come with you. Papa alitaka." Nikapiga moyo konde, tukaenda.

Ila shemeji alisema kweli kwa jambo moja. Matanga yako hayakuisha kwa sababu hayakuanza. Unajua kwetu mjane haanzishi kilio. Wamama ndio huanza, wanamwita marehemu kwa jina, na sauti zao zinampokea mjane. Siku yako tuliruhusiwa watu kumi, barakoa usoni, viti vimeachana mbali. Wamama wa kanisa walikuwa kwenye Zoom. Wakaanza vizuri, lakini bwana wa pale mazishini, mtu mpole tu, akadhani ni kelele za mtandao, akawazima sauti wote. Nikawaona kwenye skrini, midomo wazi, mikono kichwani, kimya. Nikakaa nikisubiri. Tukakuzika, Papa Neema, na mimi macho makavu. Watu wakasema nina nguvu. Nguvu gani? Nilikuwa nimekwama. Zaidi ya mwaka, hata chozi moja, mpaka nikaanza kuogopa kwamba labda sikukupenda.

Basi kule. Milima ya barafu inaelea, mikubwa kuliko maghala ya Wetherill Park, na ndani yake bluu. Nyangumi alipumua karibu nasi, na pumzi yake inanuka, hilo kwenye televisheni hawasemi. Asubuhi moja walitupeleka kwa boti la mpira karibu na makazi ya pengwini. Dada aliyetuongoza akazima injini, akaomba tunyamaze tusikilize barafu. Wazungu wakanyamaza kama kanisani. Lakini pengwini hawakuambiwa. Wamesimama maelfu, vichwa juu, mmoja anaanza, wengine wanapokea, wanaita, wanaita. Papa Neema, ile ilikuwa nyumba ya matanga kabisa.

Wakanipokea. Sijui niseme vipi tena. Mikono ilipanda kichwani yenyewe, nikalia kwa sauti ya kwetu, ile inayotoka tumboni. Yule dada alidhani nimeumia, akashika redio. Neema akamwambia, "She's fine, leave her. Analilia Papa." Hata hakuona kwamba amechanganya lugha. Akanishika kiuno, akalia na mimi. Bibi mmoja aliyekaa mbele yetu akavua glavu, akaweka mkono kwenye goti langu, akauacha hapo mpaka nilipomaliza.

Jumamosi watu watakuja. Wamama wa kanisa, jamaa wa Rooty Hill, wenzako wa friza. Nitapika sombe, majani yetu ya muhogo, na samaki, kaka yako atakuwa kwenye simu, tutamaliza matanga, na nguo nyeusi nitaivua. Vitu vyako nitawagawia ndugu inavyotakiwa, isipokuwa koti la friza. Hilo nililivaa kule, sigawi. Na nakuahidi nitamfundisha Neema kulia vizuri, ili siku yangu ikifika asisubiri mtu wa kumwanzishia.

Maisha yetu yote nilikuita Papa Neema, kama mke wa kwetu anavyomwita mume wake. Lakini kilio kinataka jina. Kule kwenye barafu nililiita lako mara ya kwanza, kwa sauti yangu yote, na nimeona kinywa changu kinaliweza.

Lala salama, Mushagalusa.

Mama Neema