Mjukuu Kifuani Kwangu, Mama Yake Anafunga Mizigo

Mpendwa mshauri, mimi nimezoea kushauri wengine, kwa hiyo unisamehe kama barua hii imekaa ovyo, naiandika kwa mkono mmoja maana mwingine umeshika mtoto. Jina langu Nubia Castiblanco, nina miaka hamsini na minane, ni nesi, na miaka ishirini na sita nimeimaliza katika kliniki ya mama na mtoto hapa kusini mwa Bogotá, upande wa watoto njiti, nikiwafundisha wazazi kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mpaka anenepe na aanze mwenyewe kujinyonganyonga anataka kutoka. Nimechoka, mshauri, lakini uchovu peke yake usingenifanya niandike gazetini.

Mwanangu Edilberto anakaa na mkewe Yurany kwenye ghorofa tuliyoiongeza juu ya nyumba yangu. Yeye ni dereva wa lori, analeta viazi kutoka Boyacá, katika wiki siku nne hayupo. Yurany ana miaka ishirini na mmoja, kwao ni Líbano, huko chini kwenye joto na kahawa, na alijifungua wiki tisa kabla ya wakati, mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia nne, tukamwita Salomé. Siku waliyoruhusiwa kutoka hospitali Yurany alifungwa mtoto kifuani vizuri kabisa, akapanda ngazi, akakaa kitandani, akasema, "Mama, namwogopa huyu, sisikii anavyopumua, nitamuua," nami badala ya kukaa kando yake nikamwambia yale ninayowaambia wote, nikasema, "Lete hapa," nikamfungua mtoto nikajifunga mwenyewe.

Nilisema ni kwa saa moja tu, msichana apumzike, saa moja ikawa siku nzima, na sasa ni wiki ya nne, nimekula likizo yangu yote, nalala nimekaa, mgongo umekufa ganzi, na yule mama wa duka la mikate kila akiniona na uvimbe chini ya ruana, lile vazi langu la sufu la kujitanda mabegani, ananipigia kelele, "Bi Nubia, kumbe umejifungua tena, mbona tumbo hatukuliona," na watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Mama yake Yurany, Bi Aracely, alipiga simu kutoka Líbano, alitaka kuja na kuku wake wa kienyeji amlee mwanawe arobaini kama desturi yetu, amfunge kichwa kitambaa, amzibe masikio kwa pamba ili baridi isimwingie, amnyweshe supu na chokoleti ya moto, nami nikamjibu, "Usijisumbue mama, mimi ni nesi, hapa hakuna kinachopungua." Hiyo supu mimi sikuipika hata siku moja, mikono ilikuwa na mtoto, binti alikuwa anajikaangia yai mwenyewe, miguu peku kwenye sakafu ya baridi, na mimi nimekaa pale pale jikoni nanywa maji yangu ya moto ya sukari guru.

Alikuwa akishuka kumnyonyesha. Kila akishuka nilikuwa na la kusema, si hivyo, umemkunja shingo, mpandishe, mshike hapa, mpaka jasho linamtoka na mtoto analia, nami namchukua, ananyamaza. Halafu nikaanza kumpa Salomé maziwa ya kopo kwa chupa Yurany akiwa bafuni, kidogo kidogo, kwa sababu nilitaka mizani isome vizuri, sikutaka wenzangu kazini waone mjukuu wa Nubia haongezeki. Na kweli aliongezeka. Wiki iliyopita kliniki mwenzangu Mireya, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kazi, alimuuliza Yurany, "Nani anambeba, na saa ngapi kwa siku?" nikamjibia mimi, "Mama yake, saa zote," na Mireya akaandika, na wazazi wengine wakatupigia makofi kwa zile gramu. Yurany alinitazama, kisha akatazama viatu vyake. Maziwa yake sasa yamekauka karibu yote.

Jumapili nimepanda juu nikamkuta anakunja nguo anatia kwenye begi. Hakuwa analia, afadhali angelia. Akasema, "Arobaini yangu inaisha Ijumaa, Jumamosi napanda basi naenda kwetu." Nikamuuliza, "Na mtoto?" Akasema, "Mtoto ni wako, Mama Nubia. Mimi nilikubebea tu." Edilberto alikuwa amekaa pale, anakwangua matope kwenye buti zake, nikamwambia sema kitu, akasema, "Mimi niseme nini, mama ndiye unayejua mambo haya."

Sasa ninachokuungamia ni hiki, na hata padri sijamwambia. Aliposema mtoto ni wangu, nilifurahi. Nilishuka zile ngazi nimefurahi, nikakaa jikoni nimemfunika Salomé na ruana nikawaza, basi, yamekwisha, hakuna wa kuninyang'anya. Mshauri, naomba msaada wako, niambie ukweli. Nimwache binti wa watu aende zake, nimlee mtoto ambaye ameshanizoea na anaendelea vizuri? Au nifanye nini, na siku zenyewe zimebaki nne?

Nubia

*

Bi Nubia,

Pole. Naisema kabla ya kukugombeza, kwa sababu nitakugombeza. Mtu aliyekesha na watoto wa wenzake miaka ishirini na sita anastahili kupewa pole na mtu mmoja walau, na naona nyumbani kwako hakuna aliyekumbuka.

Sasa nisikilize. Ingekuja kliniki kwako familia nyingine na kisa hiki hiki, bibi amejifunga mtoto, mzazi amesimama nyuma ameshika mkoba, ungefanya nini? Ungemtoa yule bibi chumbani kabla hajamaliza kusalimia. Huwafundishi wanafunzi wako kwamba mtoto hashikwi mpaka mama yake aombwe? Au somo hilo ni la mahospitalini tu, ukivua sare linaisha?

Yurany alipokuambia anaogopa, alikuwa anaomba ashikwe yeye, na wewe ukamshika mtoto. Kosa lako lilianzia hapo, na mengine yote yamelifuata. Ulimnyima supu, ukamnyima mama yake, ukamnyima hata nafasi ya kukosea shingo ya mwanawe kama tulivyokosea sisi sote. Ukasema uongo mbele ya mwenzako ili mizani ikusifu. Msichana akakupisha, kwa sababu katika nyumba ile wewe ndiye mwenye nyumba, mwenye elimu na mwenye mtoto, yeye ana begi tu.

Umesema ulifurahi. Ahsante kwa kusema, wengi hawasemi. Mama mkwe wangu alifurahi vivyo hivyo, wala hakuwa mtu mbaya, aliniambia nipumzike. Mwanangu wa kwanza ana miaka arobaini na tatu sasa. Yule bibi amekufa zamani, na bado mwanangu akimtaja anasema mama. Mimi ananiita Ofelia. Ananiheshimu, ananinunulia dawa, ananiita Ofelia.

Kwa hiyo usisubiri mpaka Jumamosi. Ukimaliza kusoma hapa mpigie simu Bi Aracely, umwombe radhi bila kujieleza sana, umwambie apande basi la leo na kuku wake. Atalala kitandani kwako, wewe utatafuta pa kulala. Arobaini ya Yurany haiishi Ijumaa, kwa sababu haijaanza.

Kesho asubuhi nenda kliniki na Yurany, umwambie Mireya yote, chupa na ule uongo, mbele ya binti mwenyewe. Utaona aibu, na aibu haijamuua nesi yeyote. Usiiondoe chupa kwa pupa ukamwangusha mtoto uzito, unalijua hilo kuliko mimi. Mwache Mireya apange namna ya kumrudisha kwenye ziwa taratibu, na wewe kaa kimya kama bibi wa kawaida. Tena mwombe daktari amwangalie Yurany mwenyewe, si mtoto. Mzazi wa wiki sita asiyelia, anayekunja nguo na kusema nilikubebea tu, simwoni mkaidi, namwona mgonjwa, na wewe ungemwona pia kama angekuwa wa mtu mwingine.

Huyo Edilberto naye ana kifua, au alizaliwa bila? Akishusha viazi vyake aoge, avue shati, afungiwe mwanawe. Na siku nyingine akisema mama ndiye anayejua, mjibu kwamba mama hajui.

Inawezekana haya yote ukayafanya na bado akataka kwenda kwao. Basi daktari akiruhusu aende na Salomé kifuani, na wewe uwabebee begi mpaka kituoni. Hilo la kubaki na mtoto lifute kabisa kichwani, hukuulizwa.

Lakini la kwanza ni leo, kabla hujala. Panda juu, muulize kama yuko tayari, umfungue mtoto kifuani kwako, umfunge kifuani kwake, umtilie mto mgongoni, umwekee kinywaji cha moto karibu. Useme neno moja tu, kwamba ulikosea. Watalia, mmoja au wote wawili, na mikono yako itakuwasha. Shuka. Ukae jikoni, upike supu, usipande mpaka uitwe. Usipoitwa, endelea kupika.

Ofelia