Mstari wa Saba

Bariadi,
9 Novemba 2024

Kwako dada yangu Wilhelmina,

Mwangaluka, dada. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Bukundi, wewe, Mayu mama yetu, na mapacha wako. Mgongo wa Mayu unaendeleaje? Mvua za kupandia zimeshanyesha? Mimi mwili ni mzima. Habari za roho usiniulize kwanza.

Utashangaa nimeandika wakati simu ninayo. Nimekupigia mara tatu, na kila ukipokea najikuta naulizia mbuzi. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia.

Mayu alinieleza yote: kwamba shemeji Ngeleja amekurudisha nyumbani baada ya kusikia una kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, kwamba wazee wake wa Lagangabilili wanataka ng'ombe wao wa mahari, wakisema unazuia watoto ili upate kutembea na wanaume, na kwamba wewe unaapa aliyetoa siri ni nesi Felisita, maana ndiye aliyekuwekea. Ukamshtaki, akasimamishwa kazi. Dada, Felisita hakusema kitu. Ni mimi.

Unaijua kazi yangu ya kutunza data za vituo vya afya. Mwaka huu nilijitia kimbelembele kuandaa kongamano la watunza kanzidata wa mkoa wetu, tuache kufunga safari hadi Dar kuwasikiliza wenzetu. Nilihangaika, we acha tu! Ukumbi, projekta, jenereta, pilau. Wakaja watu sitini, wa Maswa, wa Meatu, hata wa Mwanza. Na kwa kuwa ratiba niliipanga mwenyewe, nikajipa nafasi nzuri kuliko zote, ile ya kabla ya chakula. Mada yangu, usicheke, ilikuwa namna ya kutunza siri za wagonjwa.

Desturi yetu ni kwamba ukitoa mfano mbele za watu, utunge data za uongo. Mimi nikaona za uongo hazina ladha. Nikachukua rejesta ya kweli ya uzazi wa mpango, nikafuta majina na namba za simu, nikairusha ukutani, mistari kumi na miwili kwa herufi kubwa. Nikatamba kwamba sasa hata mama mzazi hawezi kumtambua mwanawe pale. Mstari wa saba ulisomeka: Lagangabilili, amezaliwa 1993, uzao mmoja, mapacha, kwa upasuaji, kijiti.

Dada, kwetu nani anamtambua mtu kwa jina? Wewe ni mama mapacha wa kwa kina Ngeleja, basi. Dastan, binamu yake shemeji, anayeshughulikia kompyuta za kiwanda kimoja cha pamba, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Nilimwona ameinamia simu yake, nikadhani anatuma sifa zangu. Ukumbi ulipiga makofi. Wa Mwanza wakaniomba nikairudie mada hiyo kwao.

Hapo ningeweza kuishia, ukasema Malimi alighafilika tu. Ningependa sana uamini hivyo. Lakini siku mbili kabla, nilipokuwa naandaa, niliuona huo mstari jina lako likiwa bado lipo. Nilishtuka, nikaweka kidole kwenye kitufe cha kuufuta. Kisha nikauacha, kwa sababu mistari mingine ilikuwa imepoa, na huu wa mapacha ulipendeza kuonyesha. Nikajiambia, nani atajua? Nilikuuza kwa makofi, dada yangu wa tumbo moja, na uso nimekosa pa kuuweka.

Jumatatu nilipeleka maelezo yangu kwa maandishi kwa kamati iliyosikiliza mashtaka yako. Felisita ameitwa arudi kazini, mimi nasubiri nitakavyohukumiwa. Nilimfuata kwake kumwomba radhi, hata ndani hakunikaribisha. Aliniambia tu kwamba kwenye kamati walimbana mara mbili akiri au akane kama alikuwekea kijiti, naye akagoma kujibu, hata wakimfukuza wamfukuze, kwa sababu siri ile si yake.

Lipo jambo la mwisho. Kwenye rejesta kuna safu ya sababu, ambayo ukutani sikuionyesha. Niliisoma. Najua daktari alikuambia mimba nyingine itakuzika, na naona hukumwambia mtu, hata Mayu. Juzi nilikuwa nimeshavaa viatu niende Lagangabilili kuwaambia wazee hilo, wanyamaze na ng'ombe wao. Nilifika mlangoni nikavua. Ukiniambia nenda, nitakwenda nipige magoti mbele yao. Ukiniambia kaa, nitakaa, nao waseme watakavyo. Safari hii nasubiri ruhusa yako.

Mayu sijamwambia. Ukiona vema kumsomea barua hii, msomee yote, usinifichie. Wabusu mapacha wote wawili, nisalimie na majirani wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako, ukikubali bado kuniita hivyo,

Malimi