Neno Nililomwachia Shangazi

Pokhara

Shangazi Phulmaya,

Shikamoo. Huku mvua haijakatika, nami nimechoka kufundisha wageni kusema "pani" wakitaka maji na "bato" wakiulizia njia.

Mwezi huu nilimfundisha Mjerumani mmoja mzee, Bwana Ulrich. Jana akaniuliza, "Mwalimu, nitasemaje 'mwanao alinivisha koti lake'?"

"Mwana wa nani?"

"Dhanraj, mpagazi wangu. Theluji ilitukamata kule juu mlimani. Mimi nilishuka, yeye hakushuka. Nataka kumwambia mama yake mwenyewe."

Sikumwambia kwamba Dhanraj ni binamu yangu. Nilitamani kumfukuza, lakini hata hasira imenichosha. Nikamfundisha neno kwa neno mpaka machozi yakanitoka, naye akadhani namhurumia yeye.

Atafika kwako wiki hii. Matamshi yake ni mabaya mno, kwa hiyo mwambie Baba Dhanraj asimfokee. Mpe wali na dengu, kisha mwache aseme mpaka amalize.

Nimemfundisha kuomba msamaha. Jinsi ya kujibiwa sikumfundisha, Shangazi. Hilo nimekuachia wewe.

Mtoto wa kaka yako,
Sarmila