Kengele Mbili Hewani

4 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umekupa nafuu. Mimi sijambo, isipokuwa viganja vimechubuka, kama kawaida yetu watu wa bembea za sarakasi. Mama mdogo unayemsomea, shikamoo nawe. Usiruke mstari.

Baba, kuna jambo limenishinda. Jumapili tuliwaalika watu kumi wasioona kwenye hema letu la sarakasi. Tukaongeza ngoma na matarumbeta, na mtangazaji akaeleza kila kitu kwa kipaza sauti. Nilipomaliza kuruka nikaenda kuwauliza wameonaje. Mama mmoja akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, nimesikia soko. Wewe sijakusikia."

Najua kazi hii huipendi, na tangu macho yako yazime hatujaitaja. Lakini umetengeneza saa miaka arobaini, na simjui mwenye sikio kama lako. Nifanyeje?

Binti yako

29 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Barua yako imelala mezani wiki tatu. Shemeji aliisoma, nikamwambia aiweke. Juzi nikamwomba aisome tena.

Nikwambie kweli, sikutaka kukujibu. Mwaka ule ulipoanguka kutoka kwenye bembea nilikuwa bado naona kidogo, nikakuona unashushwa garini, mguu mzima plasta. Sikupata kukuona vizuri tena baada ya hapo.

Ila fundi akiulizwa la kazi hanyimi jibu. Saa mbovu ikiletwa, huwashi redio. Unazima kila kitu, unaileta sikioni. Nanyi zimeni. Funga kengele ndogo kwenye bembea yako, na nyingine ya sauti nzito kwenye bembea ya mdakaji, yule anayekudaka hewani, watu wajue nani yuko wapi. Na kabla hamjaanza, angusheni kitu kutoka huko juu. Mtu asiyejua urefu atastaajabu nini?

Baba yako

(Mwandishi ni mimi, mama yako mdogo. Alipomaliza akaniuliza hema liko mbali kiasi gani. Nikajifanya sijashangaa.)

20 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na salamu kwa mama mdogo. Huku sote wazima, ila mpiga ngoma kanuna. Mkuu wa kundi naye alikataa katakata, akasema hema likinyamaza watu watasinzia. Nikamwomba asikilize mara moja tu.

Basi tukafanya mazoezi kimya kimya. Mdakaji wangu akaketi chini, kafungwa kitambaa machoni, mwenzake akanidaka badala yake. Niliposhuka nikamkuta ameinama. "Miaka sita namdaka mtu huyu," akamwambia mkuu, "na leo ndiyo nimemsikia." Mkuu hakubisha tena.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa mchana, nimewawekea viti viwili. Usipokuja nitaelewa.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba ya shikamoo uliyonipa pale mlangoni mwa hema. Sikuijibu siku ile. Tulifika nyumbani salama.

Kabla ya onyesho walinipa bembea niishike. Kijiti chembamba kama mpini wa fagio! Nikauliza bembea yenyewe iko wapi, wakasema ndiyo hiyo. Kisha wakaangusha mfuko wa mchanga. Nikahesabu moja, nikafika mbili, ndipo ukatua, nikausikia mbavuni. Mungu wangu, mwanangu anakaa huko.

Kengele yako ikaenda, ikarudi, ikaenda. Nikasikia kamba zikilia kwa uzito wako. Halafu ikarudi nyepesi, nikajua bembea haina mtu. Hukuwa kwenye bembea, hukuwa chini, hukuwa popote. Hema zima halikupumua. Na katika kimya kile nikasikia nguo yako ikikata hewa juu ya kichwa changu. Kisha kofi la viganja juu ya mikono, na ile kengele nzito ikaondoka imebeba watu wawili.

Sikujua nimezaa mtu wa namna hiyo.

Baba yako

(Mama yako mdogo tena. Hili hakuniambia niliandike. Ulipoachia bembea, mimi mwenye macho niliyafumba, sikuthubutu. Yeye ndiye aliyenigusa bega, akaninong'oneza, "Fumbua, shemeji. Amedakwa.")