Breki Ile Niliisoma Kwenye Karatasi

Mpendwa kaka yangu Ombati,

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu sijui atakayekusomea ni mtu wa wapi. Barua hii nimeinakili kwa mkono mara kumi na moja. Nakala moja nimempa dereva wa lori la ndizi anayefika Kericho, nyingine zitabandikwa kwenye maduka ya mashamba makubwa ya chai, popote ambapo mtu wa kwetu anaweza kuwa ameomba kazi. Yeyote atakayeiona aisome, hata kwa sauti. Waliokuhukumu walikuwa wengi, kwa hiyo nataka na watakaoujua ukweli wawe wengi.

Kaka, uko hai?

Unakumbuka mwaka ule mto ulipofurika, mimi nikiwa darasa la pili? Ulinivusha mgongoni, sare yangu umeifunga kichwani isilowe, na katikati ya maji ukawa unaimba kwa nguvu ili nisisikie ulivyokuwa unatweta. Nawe ulikuwa mtoto tu, darasa la nne. Mwaka uliofuata Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alisema nyumba yetu inaweza kumsomesha mmoja. Ulijibu kabla sijafungua mdomo: "Asome Makori. Mimi majani ya chai nayaelewa." Chai ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kupandwa kwetu Itumbe. Hakuna aliyeielewa. Hata wewe.

Hivyo mimi nikajua Kiingereza, wewe ukajua shamba, na kila karatasi iliyoingia katika boma letu ulinipa mimi. Nilipopata ukarani katika ofisi ya magari ya mizigo mjini Kisii, ulifurahi kuliko mimi. Ofisini yule mzee aliyekuwa mkuu wangu alinifundisha namna ya kusoma vyeti vya ukaguzi wa magari. Aliniambia, "Usiangalie cha mwisho peke yake. Vipange mwaka kwa mwaka. Kasoro ikirudi mahali palepale kila mwaka, jua haijatengenezwa, imefichwa tu mpaka siku ya ukaguzi ipite." Nilikusimulia maneno hayo tukila mahindi kwa mama. Ukacheka, ukasema sasa una mdogo anayeweza kulisikia gari likikohoa kwenye karatasi.

Ulipoanza kutafuta pikapu, nilikukataza mara mbili. Ya kwanza usukani wake ulikuwa umelegea, ukanisikiliza. Ya pili ilikuwa pale Nyakoe, ile nyeupe. Nilipokuambia imeanguka ukaguzi mara mbili kwa sababu fremu yake imeliwa na kutu, ulitembea mbele yangu njia nzima mpaka nyumbani. Kisha ukaniambia mbele ya mkeo Kerubo, "Makori, ukinikatalia na nyingine nitajua kwamba hutaki nipande. Unataka mwenye suti katika boma hili awe mmoja."

Maneno yale yalinichoma, kaka. Sikukujibu. Laiti ningekujibu siku ile, hata kwa kugombana, hata kwa kushikana mashati.

Ya tatu ni ile ya kijani. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mcheshi, akatukaribisha soda, akaniita "bwana karani" mbele ya watu na kunipa bahasha ya vyeti kana kwamba ananitunuku. Vilikuwa vitano. Nilivipanga kwenye boneti kama nilivyofundishwa, na sasa nakuambia nilichokiona, kwa sababu siku ile sikukuambia.

Mwaka wa kwanza gari lilipita, taa moja tu ndiyo ilikuwa hafifu. Mwaka wa pili lilianguka: breki ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, inavuja mafuta. Likarudishwa baada ya wiki mbili, likapita. Mwaka wa tatu lilianguka tena, breki ileile, upande uleule. Mwaka wa nne vivyo hivyo, na mkaguzi alikuwa amepiga mstari chini ya neno hilo mpaka wino ukatoboa karatasi. Cheti cha tano kilitoka mji mwingine wa mbali. Gari lilikuwa limepita siku hiyohiyo lilipopelekwa, wala breki haikutajwa. Na maili zilizoandikwa pale zilikuwa chache kuliko zile za mwaka wa tatu. Gari halirudi utotoni, Ombati. Niliona. Karani wa wiki moja angeona.

Ulikuwa umesimama upande wa pili wa boneti, mikono nyuma, unanitazama mdomoni. Uliniuliza, "Inasemaje?"

Nikasema, "Karatasi ni safi. Cha mwisho kimepita."

Ulinikumbatia hadharani, wewe ambaye hukuwa mtu wa kukumbatia.

Nilijiambia kwamba nitamtafuta fundi aifungue ile breki kabla hujaanza kubeba mizigo. Nilijiambia hivyo mwezi wa kwanza, na wa pili. Kila mwisho wa wiki nilipokuja nyumbani nilikukuta unaipangusa pikapu kwa shati lako kuukuu, na mama amekaa kiti cha mbele hata kama haiendi popote. Siku uliyomzungusha mara ya kwanza, alitaja jina la kila boma mlilopita mpaka Kiogoro, akitoa mkono nje kuwasalimu watu ambao hawakuwepo hata barabarani. Ningeanzaje kusema? Kadiri siku zilivyopita ndivyo neno lile lilivyozidi kuwa zito, na gari halikufanya lolote, nikaanza kuamini kwamba labda wakaguzi ndio walikosea.

Kisha ikaja Sabato ile ya mvua. Nilikuwa mlangoni pa kanisa nikiwangoja wewe na mama. Tulisikia honi kutoka juu ya mteremko, ndefu, haikatiki, halafu kishindo. Nilipofika darajani ulikuwa umekaa kwenye matope, kichwa cha mama mapajani mwako, unamfuta uso kwa tai yako. Ulikuwa ukirudia jambo moja tu: "Nilikanyaga, Makori. Nilikanyaga mpaka chini. Hakukuwa na kitu."

Nilikuamini kuliko mtu yeyote pale, maana mimi peke yangu nilijua kwamba kweli hakukuwa na kitu.

Kaburini Tata alinyoosha fimbo yake kwako mbele ya watu wote. "Ulikuwa unajionyesha. Umemuua mama yako kwa maringo. Sitaki kukuona kwangu." Ulinigeukia mimi. Si kwa kunishtaki, hukujua lolote. Ulinitazama kama mtu anayemwomba ndugu yake aseme neno moja la kumtetea. Niliutazama udongo. Kesho yake Kerubo akaamka, kitanda hakina mtu, na koti lako halipo msumarini.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Walisema umeonekana Nyamira ukipakia ndizi. Nilikwenda, nikazunguka soko siku nne nikiwashika watu mabega na kuwatazama usoni. Walisema Kericho, nikaenda. Walisema Molo. Mwanao mkubwa amefikia kimo changu. Mwezi uliopita Kerubo aliniuliza, akiwa ameshika jembe wala hakuacha kulima, "Shemeji, nikae hapa kama mke au kama mjane?"

Kilichonifungua mdomo ni mtu aliyekuja kununua mabaki ya gari lako. Yamekuwa nyuma ya nyumba muda wote, magugu yameingia mpaka kwenye viti. Mtu huyo aliuliza historia yake, apate kujua ni vipuri gani bado vizima. Tata akaingia ndani, akaleta ile bahasha, akanipa. Akasema, "Msomee."

Nilivipanga tena kwa miaka, kaka, juu ya kigoda. Nikasoma cha kwanza. Nikasoma cha pili. Ningeweza kuruka mistari. Tata hajui Kiingereza kama wewe tu. Lakini nilisikia honi ile. Nikavisoma vyote, neno kwa neno, kwa Kigusii, breki na upande wake na mwaka wake, na cha tano na maili zake. Mnunuzi alishukuru akaenda kutazama injini. Tata alibaki amekaa, mikono juu ya fimbo.

"Karatasi hizi umezisoma leo kwa mara ya kwanza?"

"Hapana, Tata. Nilizisoma siku ya kununua."

"Ukamwambia ndugu yako?"

"Nilimwambia ni safi."

Hakunipiga. Ningemshukuru kama angenipiga. Alingoja mpaka mnunuzi akaaga na kuondoka bila kununua kitu. Ndipo akasema, polepole sana, "Kwa hiyo nilimfukuza mtoto asiye na kosa, nikabaki na wewe nikikushukuru kwa kunitunza."

Sabato iliyofuata nilisimama kanisani nikaeleza yote. Watu walewale walioitikia kwa vichwa pale kaburini walitazama vitabu vyao vya nyimbo. Nimeacha kufundisha watoto pale. Kerubo hanisalimu, ananiwekea chakula na kuondoka kabla sijakaa. Tata haleti neno lolote kwangu, isipokuwa jana. Alikuja akasimama mlangoni, akaniambia niandike maneno yake hivi yalivyo, nisiongeze langu: "Ombati, nilikutukana mbele ya watu. Nitakuomba msamaha mbele ya watu. Kifua changu si kizuri. Fanya haraka."

Kifua chake kweli si kizuri, kaka. Daktari wa Kisii alipomsikiliza alinitoa nje kuzungumza nami.

Sikuombi unisamehe. Sijui hata nikikuona nitaweka wapi uso wangu. Nakuomba urudi tu. Ukitaka nihame, nitahama siku hiyohiyo. Ukitaka kunipiga mbele ya mwanao, nitasimama. Na wewe msomaji usiyetujua, kama mtu huyu alifia kwenu, tafadhali tuandikie mlipomlaza, mkewe apate kujua avae nini. Lakini kama yupo hapo karibu anasikiliza, mrefu, mkimya, ana kovu la panga kwenye kidole gumba cha kushoto, usimwache aondoke. Mshike mkono. Mrudie mstari huu mpaka ausikie:

Njoo, Ombati. Nichukie ukiwa nyumbani.

Mdogo wako uliyemvusha,
Makori